Chumba kina baridi lakini hakina hewa: uzi wa mifumo ya hewa kwenye maofisi na majengo ya biashara

Mleta uzi

Wakuu habari za muda huu. Nimekuwa msomaji tu humu kwa muda mrefu, leo nimeona nilete uzi wangu maana kuna jambo linaniuma na kila mwezi nakutana nalo. Mimi ni fundi wa mifumo ya hewa, nimeanza na kushika spana mpaka sasa nachora na kukagua, na simu nyingi ninazopigiwa zinaanza hivi, "njoo utuangalizie AC zimezidiwa, watu wanalalamika". Nikifika nakuta chumba kina nyuzi 23, baridi ipo ya kutosha tena wengine wamevaa masweta, ila saa tano asubuhi nusu ya watu wanapiga miayo, kuna mtu kichwa kinamgonga, mwingine macho yanamwasha, na ukifungua mlango ile harufu ya watu waliokaa pamoja inakupokea palepale. Hapo AC haijazidiwa. Hapo hamna hewa.

Naomba hili lieleweke kwanza maana hata wenye majengo wengi hawalijui. AC ya ukutani inavuta hewa ya humo humo ndani, inaipitisha kwenye koili ya baridi, inairudisha humo humo. Yale mabomba mawili yanayotoka nje ni ya gesi, hewa haipiti. Unaweza ukawa na AC tatu kwenye chumba kimoja na bado mnavuta pumzi za wenzenu tangu asubuhi.

Tupige hesabu. Mtu mzima aliyekaa ametulia anatoa kama lita 18 za CO2 (kaboni dioksidi, ile hewa tunayoitoa tukipumua) kwa saa. Chukua chumba cha mikutano cha mita 8 kwa 6, dari mita 3, hizo ni mita za ujazo 144. Weka watu 20 funga mlango. Lita 360 kwa saa ndani ya lita 144,000, yani inapanda ppm 2,500 (sehemu 2,500 kwa kila milioni ya hewa) kila saa. Hewa ya nje ina kama 420. Mmeingia hewa ikiwa nzuri kabisa, nusu saa tu mko karibu na 1,700 na bado mnasoma muhtasari wa kikao kilichopita. Nilishawahi kuweka mita yangu mezani kwenye kikao cha namna hiyo, mwenyekiti akawa anaiangalia badala ya makaratasi yake, 1,240, 1,310, 1,390, ilipogonga 2,000 akanyanyuka mwenyewe akafungua mlango. Kwa viwango hivyo CO2 yenyewe sio sumu, ichukulie kama shahidi. Ikipanda ujue hewa haibadilishwi, kwa hiyo na vijidudu vya aliyekohoa vimo, na mvuke wa rangi na gundi za samani mpya nao umo.

Sasa mtu atasema si tufuate viwango basi. Sawa, kiwango kinachotumika sana duniani ni ASHRAE 62.1 (ASHRAE ni chama cha wahandisi wa mifumo ya joto, baridi na hewa cha Marekani), kwa chumba cha mikutano kinasema lita 2.5 kwa sekunde kwa kila mtu ukijumlisha lita 0.3 kwa kila mita ya mraba. Kwa chumba chetu hiyo ni lita 64 kwa sekunde. Ukipiga hesabu hadi hewa itulie unakuta CO2 inasimama karibu na 2,000! Kwa hiyo kiwango umefuata na watu bado wamechoka. Ile ni sakafu wakuu, usiende chini ya pale, ila hakuna aliyesema usipande juu. Mimi chumba cha watu wengi nachora lita 10 kwa kila mtu, hapo lita 200, CO2 inakaa kwenye 900 na kitu. Na jambo hili sio geni, Mjerumani Max von Pettenkofer alishasema mwaka 1858 kwamba chumba cha kukaa watu kisivuke 1,000.

Hapa ndo mwenye jengo anashtuka, "umeme je?" Swali halali kabisa. Hewa ya nje ina gharama, hasa yenye unyevu. Tuseme nje nyuzi 32 unyevu 70%, ndani unataka nyuzi 24 na 50%. Zile lita 200 zinahitaji kama kilowati 9 za kupooza, na angalia hapa, karibu 7 kati ya hizo ni za kuondoa maji hewani, joto lenyewe ni 2 tu. Watu wengi wanapiga hesabu ya nyuzi joto peke yake, wanafunga mashine ndogo, halafu miezi michache baadae dari ina madoa ya ukungu na wanashangaa.

Ila hela nyingi ya umeme haipotei kwa sababu ya kuingiza hewa. Inapotea sehemu tatu ambazo mwenye jengo hazioni. Feni inapigana na dakti (njia ya bati inayopitisha hewa) iliyobanwa. Hewa iliyopozwa tayari inatupwa nje bure bila kuacha baridi yake. Na chumba kisicho na mtu kinapulizwa saa 12 kwa siku. Ukitibu hizo tatu unaweza kuongeza hewa safi na bili ikashuka, nimeyaona kwa macho yangu zaidi ya mara moja.

Nianze na dakti maana ndo kipenzi changu na ndo inadharauliwa. Nguvu ya feni ni ujazo wa hewa mara presha, gawanya kwa ufanisi. Mita za ujazo 2 kwa sekunde kwa paskali 1,200 na feni yenye ufanisi wa 60% ni kilowati 4. Hewa ile ile kwa paskali 600 ni kilowati 2. Hujabadilisha feni wala mota, umebadilisha njia tu. Na hizo paskali zinatoka wapi? Kona kali mara tu hewa inapotoka kwenye feni kabla haijatulia. Dakti iliyochorwa pana ikafika saiti ikakutana na boriti ikabinywa. Na mabomba laini ya kukunjika, haya jamani haya. Siku moja nilipanda juu ya silingi na tochi, ofisi moja ya pembeni ilikuwa haipati hewa kabisa, nikakuta bomba laini la kama mita 6 kwa umbali wa mita 2, limezungushwa kwenye bomba la maji, katikati limefungwa na waya wa kufungia nondo mpaka limebaki kama kiuno cha nyigu. Aliyefunga hakuwa na nia mbaya, alitaka lisining'inie. Nililikata likabaki fupi na limenyooka, nikashuka, nikaweka kipande cha tishu kwenye grili (matundu hewa inapotokea), kikapepea. Mama aliyekuwa anakaa pale akaniambia miaka minne alikuwa anakuja na feni yake ya mezani.

Feni pia ina sheria yake, ukipunguza spidi nguvu inashuka kwa mchemraba. Spidi 80% inakula karibu nusu ya umeme, spidi 50% inakula kama sehemu moja ya nane kwenye karatasi, kiuhalisia kidogo zaidi kwa sababu ya hasara za mota na inveta (kifaa cha kubadilisha spidi ya mota). Ndo maana inveta ikifungwa na sensa ya CO2 ikawa inaongeza hewa watu wakiingia na kupunguza wakitoka, inajilipa yenyewe. Kufunga dampa (kilango cha kuzuia au kuruhusu hewa kwenye dakti) ili kupunguza hewa huku feni inazunguka ile ile ni sawa na kukanyaga mafuta na breki pamoja.

Na ile hewa inayotupwa nje, ipitishe kwenye gurudumu la kubadilishana joto na unyevu kabla haijatoka. Gurudumu zuri linarudisha 70% na zaidi. Zile kilowati 9 zinabaki 3 hivi. Ulaya tangu 2018 mashine kubwa za kuingiza na kutoa hewa kwenye majengo ya biashara hazikubaliki sokoni kama ufanisi wa kurudisha joto uko chini ya 73%, ukitoa zile za koili mbili zinazozungusha maji ambazo ni 68%. Kwenye nchi za joto na unyevu usinunue la joto peke yake, chukua linalobeba na unyevu, rudi juu uangalie ile 7 kati ya 9.

Karibuni wadau, wenye maswali na wenye kunikosoa.

Mchangiaji wa 2

Mkuu asante sana kwa uzi. Swali langu la kawaida tu, kwa nini tusifungue madirisha yakaisha?

Mleta uzi

Swali zuri na jibu ni kwamba mara nyingine ndo suluhisho bora kabisa. Kama jengo ni jembamba, madirisha pande mbili zinazotazamana, nje hakuna vumbi wala barabara kubwa, fungua na uzime AC, hakuna mashine itakushinda. Lakini dirisha la upande mmoja kwenye ofisi yenye kina cha mita 15, hewa inaishia kwa waliokaa dirishani, walioko ndani kabisa hawaipati. Afu ukifungua huku AC inafanya kazi unaingiza unyevu unaotua kwenye kila kitu cha baridi, grili zinatoa jasho na karatasi zinalegea. Na kama nje kuna moshi, WHO mwaka 2021 walishusha kikomo cha vumbi laini la PM2.5 hadi mikrogramu 5 kwa wastani wa mwaka, miji mingi iko juu sana ya hapo, dirisha halina filta.

Mchangiaji wa 3

Mimi ni msimamizi wa jengo, ghorofa 7, na nakiri hapa, dampa ya hewa ya nje tumeifunga. Bosi alisema tupunguze umeme na kwakweli bili ilipungua. Sasa nasoma hapa najiuliza tumewafanyia nini watu. Malalamiko ya vichwa kuuma tunayo, tulidhani ni mambo ya stresi za kazi.

Mleta uzi

Kaka usijilaumu, dunia nzima ilishafanya hivyo. Baada ya shida ya mafuta ya miaka ya 1970 Marekani walishusha kiwango, toleo la ASHRAE la 1981 likaruhusu lita 2.5 tu kwa mtu pale pasipo na uvutaji sigara. Majengo yakafungwa kabisa, malalamiko yakajaa, hapo ndo ikaanza kusikika habari ya majengo yanayougua, na 1989 wakarudisha hadi lita 10 kwa mtu kwa maofisi. Kwa hiyo njia uliyopita wewe wengine walishaipita wakageuza.

Cha kufanya, usiifungue yote kwa mara moja kama koili haina uwezo, unyevu utakuelemea. Kwanza pima CO2 sehemu tano sita mchana saa nane watu wakiwa wote, ziandike. Pili fungua kidogo kidogo huku unapima na unyevu, usivuke 60%. Tatu, angalia saa za kuwasha, majengo mengi feni zinakesha bila sababu, akiba ya kuzizima usiku inaweza kulipa hewa ya mchana. Kitu kingine, panda mpaka kwenye dampa yenyewe kwa macho, usiamini skrini. Nimekuta dampa kompyuta inasema 40% imefunguka, mota yake inazunguka vizuri kabisa, ila mkono wa kuunganisha umechomoka unaning'inia pembeni.

Na ukiwa huko juu angalia hewa inaingilia wapi. Isiwe karibu na jenereta, pa kushushia mizigo au grili za vyoo. Na mnara wa kupoozea maji ndo usicheze nao kabisa, ukungu wake unaweza kubeba bakteria wa Legionella wanaoshambulia mapafu. Ugonjwa wenyewe ulijulikana baada ya wanachama wa American Legion (chama cha maveterani wa Marekani) kuumwa kwa wingi hotelini Philadelphia mwaka 1976, wengine wakafariki. ASHRAE wanataka mdomo wa hewa uwe angalau mita 7.5 toka hewa ya mnara inapotokea, mimi nikiweza naweka mara mbili ya hapo na upande ambao upepo hauelekei.

Mchangiaji wa 4

Mhandisi mwenzako hapa. Nakubaliana na mengi ila ngoja nikupinge kidogo. Siku hizi kila mtu anasema weka filta ya MERV 13 (MERV ni daraja la filta, namba ikipanda inakamata vitu vidogo zaidi), watu wanatoa MERV 8 wanachomeka 13 kwenye mashine ile ile, presha inapanda, hewa inapungua, na feni inakula umeme zaidi. Umeongelea afya lakini hujasema filta nzuri inaweza kupunguza hewa ile ile unayoipigania.

Mleta uzi

Mkuu hoja yako imekaa sawa na nilipaswa kuigusa. Ukichomeka MERV 13 nyembamba ya milimita 50 mahali palipokuwa na MERV 8, ndio, utakaba mashine. Ila shida sio namba 13, shida ni eneo la karatasi. Filta ya kina cha milimita 300 ina mikunjo mirefu, eneo lake ni kubwa mara nyingi zaidi, kwa hiyo hewa inapita taratibu na presha inakuwa ndogo hata kama inakamata vitu vidogo. Ukiwa bado kwenye karatasi unachora, panua sehemu ya filta, hewa ipite mita 1.5 kwa sekunde badala ya ile 2.5 iliyozoeleka. Boksi linakuwa kubwa, mwenye jengo ananuna mara moja, umeme unashuka kwa miaka 20. Kwa mashine iliyopo tayari pima presha ya feni kwanza, kama haina akiba baki na unachoweza na ongeza visafishaji vya HEPA (filta inayokamata hata chembe ndogo sana) vya kusimama chumbani. Hivyo haviingizi hewa ya nje na CO2 havigusi, ila vijidudu na vumbi vinakamata vizuri.

Tena kuna jambo linanisumbua kuliko namba ya filta, nalo ni nafasi pembeni yake. Hewa ni mvivu, inapita penye upenyo. Upenyo wa kidole kimoja pembeni ya fremu unaifanya MERV 13 yako ifanye kazi ya filta ya daraja la chini kabisa.

Mchangiaji wa 4

Hapo kwenye upenyo tuko pamoja. Na eneo la filta nakubali, tatizo wasanifu hawatupi nafasi, chumba cha mashine ndo cha kwanza kukatwa.

Mleta uzi

Kweli kabisa, ndo maana mimi naomba kuitwa kabla hata ngazi hazijachorwa. Nikiitwa mwishoni nabaki kuokoteza nafasi juu ya silingi na kila kona nnayolazimishwa kupiga inalipiwa kila mwezi.

Mchangiaji wa 5

Samahani wakuu mimi sio fundi, ni mwalimu. Nimenunua kisensa kidogo cha CO2 cha bei rahisi, asubuhi darasa tupu kinasoma 400, wanafunzi 45 wakiwa ndani madirisha yamefungwa kinasoma 450, ila nikipaka sanitaiza mkononi kinaruka 1,500. Kimeharibika?

Mleta uzi

Mwalimu hakijaharibika, kwa hiyo tabia yake hakipimi CO2 kabisa. Vya namna hiyo vinanusa mvuke wa kemikali halafu vinakisia namba ya CO2, ndo maana spiriti ya sanitaiza inakiamsha. Tafuta kilichoandikwa NDIR, hicho kinapima kwa mwanga wa infraredi. Hata hicho kipeleke nje mara moja moja kipumue hewa ya nje maana vingi vinajirekebisha vyenyewe kwa kudhani kwamba namba ya chini kabisa viliyoiona wiki hiyo ni hewa ya nje. Ukikiweka mahali pasipokosa watu usiku na mchana kitaanza kukudanganya kidogo kidogo.

Na watoto 45, madirisha yafungwe kwa nini mwalimu? Kama ni kelele au mvua fungua hata ya juu pande zote mbili, na kila mapumziko milango yote iwe wazi wakati wametoka. Dakika 10 za hewa kupita moja kwa moja zinafuta karibu yote.

Mchangiaji wa 3

Mleta uzi nimerudi. Leo asubuhi nimepanda na fundi wetu. Dampa tumeifungua robo, CO2 ghorofa ya 4 jana saa nane ilikuwa 1,680, leo saa nane 1,150, unyevu 57%. Halafu tukafungua mlango wa filta tuangalie ule upenyo uliousema. Filta zenyewe ni mpya za mwezi uliopita, nyeupe katikati, ila pembeni kushoto kuna mstari mweusi kwenye bati la nyuma, kuanzia juu hadi chini, mpana kama kiganja, na koili upande huo imeshika vumbi kama blanketi. Filta moja ni fupi, waliweka saizi isiyo yake wakaziba na katoni, katoni imelowa ikadondoka.

Mleta uzi

Safi sana kaka, 1,150 kwa robo tu ni hatua kubwa. Huo mstari mweusi ndo upenyo wenyewe. Toa katoni iliyobaki, agiza filta saizi kamili, na kama fremu imepinda funga gasketi ya sponji pande zote nne na vibanio vya kukaza, silikoni usitumie maana utashindwa kuzitoa siku ya kuzibadilisha. Koili isafishwe kabla hujafungua dampa zaidi, anza upande hewa inapotokea uelekee inapoingilia, maji ya presha ndogo, mapezi yasilale. Kagua na trei ya maji chini yake kama inamwaga yote, maji yasituame. Ukishamaliza pima presha kabla na baada ya filta na koili uniwekee namba hapa, halafu tuone kama inaweza kubeba dampa nusu.

Mchangiaji wa 3

Sawa mkuu. Filta zinakuja alhamisi, koili tunaosha jumamosi jengo likiwa tupu. Ntaleta namba.